Askofu Edward Steere, Mjenzi wa Kanisa la Mkunazini

Katika mwaka wa jubilii ni desturi njema kuwakumbuka wale waliotutangulia, wale wa mitaa yetu na wale wa mbali pia. Labda wako wasomaji wa Tabora watakaouliza kwa nini tumeweka humu habari za mtu aliyekaa Unguja, ambaye hakupata kuikanyaga nchi ya Unyamwezi hata siku moja. Jibu letu ni hili. Njia ya zamani ya misafara ilikuwa na ncha mbili: moja Ujiji, kwenye ziwa la Tanganyika, na ya pili pwani na Unguja, nasi wa Tabora tulikuwa katikati. Kule kwenye ncha ya pwani, katika mtaa wa Mkunazini, palikuwa na kiwanja kimoja ambapo watu waliuzwa kama mbuzi. Edward Steere ndiye aliyejenga kanisa juu ya kiwanja hicho. Kwa hiyo habari za jengo lile ni habari zetu pia.

Kwanza na tuikumbuke njia yenyewe, kwani vijana wengi huijua kwa jina tu. Msafara uliotoka Bagamoyo ulitumia miezi mitatu hivi kufika Unyanyembe, ndiyo nchi ya Tabora yetu, ambayo wageni wa kwanza waliita Kazeh. Burton na Speke walifika hapa mwaka wa 1857 wakapokewa na wafanyaji biashara Waarabu waliokwisha kaa. Kutoka pwani zilikuja nguo, shanga na nyaya za shaba. Kutoka bara zilishuka pembe za ndovu. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu huru waliopatana ujira wao, nao walisifiwa kila mahali kwa nguvu na uaminifu. Haifai kuwafundisha watoto kwamba kila aliyebeba mzigo katika njia ile alikuwa mtumwa. Tena yafaa kusema kweli kwamba wengi wa wale waliouzwa Unguja walitoka upande wa kusini, nchi za ziwa la Nyasa, wakapitia Kilwa. Lakini walikuwako pia waliotekwa magharibi, wakapita hapa Tabora wamefungwa kamba na minyororo, wakaiona miembe yetu, wasirudi tena.

Sasa tuitazame nyumba ya zamani ya nchi hii, yaani tembe, kwa sababu itatusaidia kuifahamu kazi ya Steere. Tembe ina paa la bapa. Fundi husimamisha nguzo, huweka miti juu yake, kisha hutandaza fito na udongo. Chumba chake hakiwezi kuwa kipana, maana mti mrefu hupinda kwa uzito wa udongo, na mchwa nao wala hawalali. Ndivyo lilivyokuwa tembe la Kwihara, ambamo Dakta Livingstone alikaa mwaka wa 1872, tangu Februari hata Agosti, akingoja wapagazi na vitu vya safari. Nyumba hiyo ilijengwa upya baadaye, nayo yatunzwa hata leo. Basi msomaji akumbuke jambo hili moja: upana wa chumba chini ya paa la miti hupimwa kwa urefu wa mti. Jambo hilo ndilo lililokuwa fumbo kuu kwa mjenzi wa Mkunazini.

Edward Steere alizaliwa London, mji mkuu wa Uingereza, tarehe 4 Mei 1828. Baba yake alikuwa mtu wa sheria, na kijana naye akafundishwa sheria katika chuo kikuu cha London. Mwaka wa 1850 alipata shahada ya udaktari wa sheria, na mwaka huohuo akakubaliwa kuwa wakili. Kama angaliifuata kazi hiyo, pengine angalikuwa tajiri. Lakini moyo wake haukutulia katika mabishano ya barazani. Alipenda kuwahudumia maskini, na kufanya kazi kwa mikono yake. Akaiacha sheria, akawa shemasi mwaka wa 1856 na kasisi mwaka wa 1858, akawekwa kuchunga watu wa mashamba katika wilaya ya Lincolnshire. Huko alikuwa na rafiki, kasisi jirani, jina lake William Tozer.

Mwaka wa 1857 Livingstone alikuwa amewahutubia wanafunzi wa Cambridge akiwasihi waikumbuke Afrika. Kwa maneno yake kikaundwa chama cha Misheni ya Vyuo Vikuu, na Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, akaenda katika nchi ya mto Shire. Mackenzie alikufa kwa homa tarehe 31 Januari 1862, na wengine wakafa baada yake. Tozer akachaguliwa kushika mahali pake mwaka wa 1863, akamwomba Steere afuatane naye. Steere alikusudia kumsaidia rafiki yake kwa muda mfupi tu, kisha arudi kwa watu wake wa mashamba. Muda huo mfupi ukawa maisha yake yote.

Walipofika Shire waliona ya kuwa nchi imeharibika kwa vita na njaa, na ya kuwa homa itawamaliza. Tozer akaazimia kuhamisha misheni kuja Unguja, wakafika tarehe 31 Agosti 1864. Watu wengi kule Uingereza walilaumu, wakisema wameikimbia kazi. Lakini Tozer na Steere walikuwa wamefikiri sana. Waliona kwamba njia zote za bara huishia Unguja, na kwamba mtu atakayejua lugha ya Unguja ataweza kusema na watu wa njia zote hizo. Seyyid Majid, mtawala wa Unguja, aliwapa watoto watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Wale watano ndio waliokuwa shule ya kwanza.

Steere alianza kwa kusikiliza. Hakuwa na kamusi ya lugha ya Unguja. Krapf alikuwa amekwisha andika habari za Kiswahili cha Mombasa, lakini maneno ya miji hii miwili si yaleyale. Kila siku Steere aliwauliza watoto, akawauliza watu wa mjini, akaandika, akasahihisha, akaandika tena. Mwaka wa 1870 kitabu chake cha kufundishia lugha kilitoka, na mwaka huohuo kikatoka kitabu cha hadithi za Unguja, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Aliwafundisha vijana kupanga herufi na kupiga chapa, akisimama nao mashineni kama fundi na wanafunzi wake. Yeye mwenyewe alifasiri sehemu kubwa ya Agano Jipya, na Agano Jipya zima la Kiunguja likachapwa mwaka wa 1883. Walimu wajue ya kuwa mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili cha shule zote za Afrika ya Mashariki, njia ilikuwa imekwisha safishwa kwa jembe la Steere na wenzake.

Mwaka wa 1868 alikuwa amerudi Uingereza. Lakini Tozer aliugua, na kazi ikalegea, hata mapema mwaka wa 1872 Steere akarudi tena Unguja. Mwezi wa Aprili mwaka ule tufani kubwa ilipiga kisiwa. Mikarafuu iling'olewa kwa maelfu, majahazi yakavunjika bandarini, nyumba zikaanguka, na majengo ya misheni yakaharibika. Wenzake walikuwa wachache mno. Mtu mwingine angalisema wakati wa kujenga haujafika. Lakini jambo kubwa lilikuwa karibu kutokea.

Katika Januari 1873 Serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kwa Seyyid Barghash, nduguye Majid, kumtaka akomeshe kusafirisha watumwa baharini. Barghash alikataa, kwa kuwa mali ya kisiwa na ya wakuu wake ilitegemea biashara hiyo. Baadaye Balozi Kirk akamwonya kwamba manowari zitaifunga bandari. Basi tarehe 5 Juni 1873 mkataba ukatiwa sahihi, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa.

Kiwanja kikabaki kitupu. Steere alipokitazama, alifikiri mara moja kwamba kisiachwe kiwe soko la kitu kingine, watu wakasahau. Kasisi mwenzake, Arthur West, akanunua sehemu kwa fedha zake. Mfanyaji biashara wa Kihindi, Jairam Senji, akatoa sehemu nyingine bila kutaka malipo. Yeye hakuwa Mkristo, wala hatukuti kwamba alitaka sifa. Basi jina lake yafaa litajwe kanisani pamoja na majina ya wafadhili wengine. Kwanza wakasimamisha kibanda cha udongo, na Steere akahubiri humo kwa Kiswahili. Watu wa mjini waliingia wakasikiliza, wakauliza maswali, naye akawajibu kwa adabu katika lugha yao. Siku ya Noeli ya mwaka 1873, miezi sita tu baada ya soko kufungwa, jiwe la msingi likawekwa na Kapteni Prideaux, aliyekuwa akishika kazi ya Balozi.

Hapa na tusimame kidogo, turudi nyumbani Tabora, kwa maana katika miezi ileile jambo jingine lilikuwa likipita katika njia yetu. Livingstone alikuwa amekufa mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo. Watu wake, Chuma na Susi wakiwa vichwa, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakauchukua. Mwezi wa Oktoba walifika Unyanyembe, wakamkuta Luteni Cameron. Cameron aliwashauri wauzike mwili hapa, kwa kuwa njia ya mbele ilikuwa ya hatari. Wakakataa, wakaendelea, na mwezi wa Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Tarehe 18 Aprili mwili ukazikwa London katika kanisa la Westminster Abbey. Na katika kanisa hilohilo, tarehe 24 Agosti 1874, Edward Steere akawekwa wakfu kuwa Askofu, maana Tozer alikuwa amejiuzulu kwa ugonjwa. Kwa hiyo mwaka mmoja, nyumba moja, ilimpokea yule aliyeita na kumtuma yule aliyeitika.

Sasa tueleze ujenzi. Ramani ya kwanza ilichorwa na mchora ramani za majengo wa Uingereza, Hayward. Lakini ramani ni karatasi, na mchoraji alikuwa mbali. Aliyesimama juani, akachagua mawe, akajaribu chokaa, akapima kuta, ndiye Askofu mwenyewe. Sheria aliyojifunza ujanani haikumfundisha kazi ya uashi. Alijifunza katika vitabu, akajifunza kwa waashi wa Unguja waliorithi ufundi kwa baba zao, na akajifunza kwa kujaribu.

Mawe ya Unguja ni matumbawe, yaani mawe yaliyofanyika baharini. Ni mepesi na rahisi kuvunjika, na ukiyachoma hupata chokaa. Kuta zilizojengwa kwa mawe hayo na chokaa huweza kusimama miaka mingi zikitunzwa. Shida ni paa. Nyumba za mawe za Unguja zilifunikwa kwa boriti za mikoko, na boriti hazitoi urefu wa kutosha. Ndiyo sababu vyumba vya zamani vya mjini ni virefu na vyembamba, upana wake mita tatu hivi. Kanisa la upana huo lingekuwa kama ushoroba. Kuweka nguzo nyingi ndani, kama tembe, kungewaficha watu wasione madhabahu. Kuleta mbao ndefu kutoka Ulaya ni gharama kubwa, na mchwa wangezila. Basi afanye nini?

Steere akaazimia kufanya paa lisilo na mti hata mmoja. Alikusudia kulifunika kanisa lote kwa tao moja kubwa, kama nusu ya pipa lililopasuliwa kwa urefu na kulazwa juu ya kuta. Tao hilo halikupangwa kwa mawe ya kuchonga. Walivunja matumbawe vipande vidogo, wakachanganya na simenti iliyoletwa kutoka Ulaya, wakaumwaga mchanganyiko huo juu ya kiunzi, ukakauka ukawa kitu kimoja. Siku hizi kila fundi ajua zege ni nini. Zamani zile katika nchi zetu jambo hilo lilikuwa geni kabisa, na hata Ulaya wajenzi wengi hawakuthubutu kufunika nafasi kubwa namna hiyo.

Watu wakanena kwamba paa litaanguka. Walinena hivyo mafundi, wakanena wageni, wakanena hata marafiki. Nasi tusiwacheke, kwani waliona kuta, waliona uzito, wakajua kwamba tao zito husukuma kuta nje, na ukuta ukipasuka paa zima hushuka. Wala haikuwa hatari ya fedha tu. Kama paa lile lingalianguka siku ya ibada, watu waliokombolewa wangalizikwa palepale walipouzwa. Tena mji wote ulikuwa ukitazama, na wengi hawakupendezwa kuona soko limefungwa; kwao maangamizi ya namna ile yangalikuwa hukumu kutoka mbinguni. Steere aliyajua hayo yote. Alijibu kwa kupima tena, na kuchanganya simenti kwa uangalifu, na kutoharakisha. Miaka sita ilipita tangu jiwe la msingi hata paa kufungwa.

Katika miaka hiyo sita hakukaa Unguja tu. Mwaka wa 1875 alikwenda kwa miguu kutoka Lindi hata kwa Mataka, mfalme wa Wayao, mbali upande wa Nyasa. Mwaka wa 1876 aliongoza watu zaidi ya 50 waliokombolewa, waume kwa wake, waliotaka kurudi katika nchi za kwao. Walipofika Masasi waliiona nchi njema, wakakaa, na huo ukawa mwanzo wa kazi yote ya kusini. Alirudi kutoka safari zile amechoka, miguu imevimba, na asubuhi akapanda tena juu ya jukwaa la waashi. Husimuliwa hata leo kwamba katika siku mojawapo alipokuwa hayupo, mafundi walizisimamisha nguzo ndogo kumi na mbili za upande wa mlango kichwa chini na miguu juu. Alipozikuta hivyo, akaziacha. Mgeni aingiaye huonyeshwa nguzo hizo, na wengi hutabasamu.

Siku ya Noeli ya mwaka 1879 kanisa lilifunguliwa kwa ibada, na watu wakaimba chini ya lile tao. Halikuanguka.

Na tuingie ndani kwa maneno, maana wengi wetu hatujapata nafasi ya kwenda. Kwa nje jengo lina madirisha yenye ncha juu, kwa mtindo wa makanisa ya zamani ya Ulaya, lakini sura yake ina alama za Kiarabu pia, hata mtu hawezi kusema kwamba ni kitu kilichookotwa London kikatupwa Unguja. Ndani hakuna msitu wa nguzo. Jicho huenda moja kwa moja hata madhabahuni. Husimuliwa kwamba madhabahu iliwekwa mahali palipokuwa na mti ambao watumwa walifungwa wakachapwa viboko, ili mnunuzi aone nani ana nguvu. Alama katika sakafu yaonyesha mahali hapo. Pana pia msalaba uliofanywa kwa mti wa Chitambo, uliosimama juu ya moyo wa Livingstone. Huo uliletwa miaka mingi baada ya Steere kufa. Mnara una saa, na saa hiyo, kama watu wa Unguja wasimuliavyo, ni zawadi ya Seyyid Barghash mwenyewe. Yeye alikuwa Mwislamu, naye alilazimishwa kulifunga soko. Hata hivyo alimheshimu Askofu, aliyesema lugha ya mji kwa ufasaha na asiyewatukana watu wala dini yao. Tazameni basi: kiwanja kwa sehemu kilitolewa na Mhindi, saa ikatolewa na mtawala Mwislamu, kuta zikajengwa na waashi wa mji pamoja na watu waliokombolewa.

Majina ya waashi hao hayamo katika vitabu. Jina la Steere twalijua, na la Hayward, na la Kapteni aliyeweka jiwe. Lakini walikuwako watu waliovunja matumbawe kwa nyundo, na wanawake na wanaume waliobeba chokaa vichwani, na mafundi waliolisawazisha lile tao kabla halijakauka. Inawezekana kabisa kwamba mmoja wao aliwahi kusimamishwa katika kiwanja kilekile, akafunguliwa kinywa ili meno yake yahesabiwe. Tuadhimishapo jubilii na kusoma majina ya maaskofu na makasisi, tuwe na dakika moja ya kimya kwa ajili ya wasio na majina.

Yatupasa tena kunena kweli juu ya yale ambayo jengo halikuyafanya. Kufungwa kwa soko hakukuumaliza utumwa. Baada ya mwaka 1873 watu waliendelea kupitishwa kwa siri usiku, na misafara ya nchi kavu ikaendelea, hata Barghash akatoa amri nyingine mwaka wa 1876 kuizuia. Hali ya utumwa yenyewe haikuondolewa kwa sheria katika Unguja ila mwaka wa 1897, na katika Tanganyika haikuondolewa ila mwaka wa 1922. Basi kengele za Mkunazini zililia miaka mingi karibu na nyumba ambamo watumwa walikuwa wakichota maji. Steere mwenyewe hakudanganyika. Alijua kwamba mtu aliyefunguliwa mnyororo bila kupewa kazi, ardhi na elimu atarudi kutafuta bwana mwingine. Kwa hiyo shule ya Kiungani, shamba la Mbweni na kijiji cha Masasi vilikuwa kwake sehemu za jengo lilelile. Mwaka ule wa 1879 alimweka John Swedi, mmoja wa wale watoto watano wa kwanza, kuwa shemasi. Na mwaka wa 1890, Steere akiwa amekwisha kufa, Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa utotoni, akawa kasisi wa kwanza Mwafrika wa misheni ile.

Mwaka wa 1882 Askofu alikwenda Uingereza kwa muda mfupi. Rafiki zake walimwona amekonda, wakamsihi apumzike. Hakukubali kukawia. Alirudi Unguja mwezi wa Agosti, na siku chache tu baada ya kufika alilala usingizi asiamke. Umri wake ulikuwa miaka 54. Walimzika nyuma ya madhabahu, katika kanisa alilolijenga, chini ya paa ambalo watu walisema litaanguka.

Tangu siku ile imepita zaidi ya miaka 140. Wadachi walikuja wakaenda, Waingereza wakaja wakaenda. Reli ilifika Tabora mwaka wa 1912, na njia ya wapagazi ikaota majani. Mkataba ule wa Barghash watu wachache huusoma. Paa la Mkunazini lingali mahali pake, nalo limetengenezwa mara kwa mara, kwani hata simenti hunywa maji na kuchoka.

Basi, walimu wetu, twawaomba mambo matatu. Kwanza, mnapowafundisha watoto habari za njia ya misafara, wafundisheni njia nzima: ndovu na shanga, mpagazi huru na mtumwa, tembe la Kwihara na kiwanja cha Mkunazini. Msiwafiche yale maovu, wala msiyafanye kuwa ndiyo habari yote. Pili, mfundisheni mtoto kuandika Kiswahili safi kwa uangalifu uleule ambao Steere alipima chokaa, maana lugha hii ilijengwa kwa watu waliouliza na kusahihisha, na ikiachwa hupasuka. Tatu, tazameni makanisa na shule zetu wenyewe. Katika mitaa yetu ziko nyumba za matofali zilizojengwa kwa jasho la babu zetu, na mabati yake yamelegea, na mchwa wamekwisha panda ukutani. Wazee wa kanisa wasingoje mvua kubwa ya masika. Fundi na aitwe sasa, wakati wa kiangazi, na kila nyumba ilete kiasi iwezacho, mmoja mchanga, mmoja maji, mmoja siku yake ya kazi. Na daftari la mtaa liyaandike majina yao wote.